Nilimpungia mkono, kisha nikamchoma kisu

Barua tatu za mwezi huu zote zimetoka Azeroth, dunia ya mchezo wa mtandaoni wa World of Warcraft, na zote zinahusu ugomvi ule ule wa kambi zake mbili, Alliance na Horde. Mbili nitazijibu kwa kifupi. Ya tatu imenikaa moyoni, ndiyo maana nimeiweka mwisho.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Kambi yetu imebaki na watu wachache mno kwenye seva. Kila tukienda Blackrock Mountain kwa ajili ya uvamizi wa Molten Core, tunakuta maadui wamejaa njiani, tunauawa kabla hatujaingia. Watu arobaini tunapoteza saa nzima kukimbia kutoka makaburini, ambako mchezo hukurudisha ukifa. Kiongozi wa chama chetu anasema kuhama seva ni woga. Tufanye nini? (Mlinzi wa Chama)

JIBU: Marahaba. Hameni. Ushujaa wa kiongozi wenu naupenda, lakini hauwezi kuzaa wachezaji. Mchezo wenye kambi mbili ni kama mizani: upande mmoja ukishaelemea, wachache wanaondoka, wageni wanakwenda kwenye wengi, na mizani inazidi kulala. Dark Age of Camelot ya mwaka 2001 ilikuwa na falme tatu, Albion, Midgard na Hibernia, na siri ya uzuri wake ilikuwa hapo: mmoja akinenepa kupita kiasi, wale wawili wangeweza kumgeukia yeye kwanza. The Elder Scrolls Online, mwaka 2014, nayo ikaweka kambi tatu kwenye vita vya Cyrodiil. Nimecheza sana vita vya namna hiyo, na kwa maoni yangu tatu ni bora kuliko mbili kila siku. World of Warcraft ilichagua mbili tangu 2004, na hakuna wa tatu wa kuwaokoa ninyi pale mlimani.

Mkihama, hameni chama kizima kwa pamoja. Ulizeni kwanza huko mwendako watu hucheza saa ngapi. Na msikimbilie seva ambayo kambi yenu imejaa kila kona, maana mtakuwa ninyi sasa mnaosimama mlangoni kusubiri adui asiyekuja.

SWALI: Shangazi, nataka kuanza. Moyo unapenda Night Elf, kabila la Alliance, lakini rafiki zangu wote wako Horde. Nimfuate nani? (Mgeni)

JIBU: Inategemea ni toleo lipi. Kwenye toleo la sasa, tangu mwaka 2022 watu wa kambi mbili wanaweza kuingia pamoja kwenye mapango na mavamizi, na tangu 2023 hata chama kimoja kinapokea pande zote. Chagua Night Elf wako bila wasiwasi. Ila kama wanacheza Classic, toleo la zamani lililorudishwa mwaka 2019, ukuta ule bado ulikuwa mzima: hakuna kundi moja, hakuna barua, hakuna kupeana kitu mkononi. Hapo fuata watu. Na kama unachokipenda kwa Night Elf ni udruidi, ule uchawi wa kujigeuza mnyama, Tauren, kabila la Horde, nao wanao, na huko Classic ni hao wawili tu waliojaliwa.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Niko Alliance, mnyatiaji, ngazi ya 37, kwenye seva ya vita ya Classic. Wiki mbili zilizopita nilikuwa Stranglethorn Vale nikiwinda simbamarara kwa ajili ya misheni za kambi ya Nesingwary. Nikamkuta Tauren wa Horde, mpiganaji wa shoka, ngazi ya 38, anawinda simbamarara wale wale. Nikajificha. Baadaye nikajitokeza, nikampungia mkono. Naye akanipungia. Basi tukawinda hivyo, mmoja wake, mmoja wangu, karibu nusu saa bila kugusana. Tulipofika kwa King Bangalash, simbamarara mkuu wa pale, Tauren ndiye aliyeanza kumpiga. Uhai wa Tauren ukashuka mpaka chini kabisa, na mwenzangu wa chama akawa ananipigia kelele kwenye hedifoni: "Muue, muue, huyo ni Horde!" Nikamchoma kisu cha mgongo. Akaanguka, na Bangalash akarudi mahali pake akiwa mzima. Tauren aliporudi kutoka makaburini hakunishambulia. Alisimama mbele yangu, akakaa chini, akanitazama. Mimi ndiye niliyekimbia. Chama kizima kinanisifu, na nilipowaambia kwamba imeniuma wakasema naisaliti kambi. Nimekosa, au huu ni mchezo tu? (Mnyatiaji)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umekosa, na wala si kwa sababu ulimuua.

Ulipochagua seva ya vita ulikubali kuuawa, na yeye alikubali pia. Ungemchoma mwanzo kabisa, ulipokuwa umejificha, nisingekulaumu hata kidogo. Kazi ya mnyatiaji ndiyo hiyo. Kosa lako liko kwenye ule mkono uliopunga.

Angalia jinsi waliotengeneza mchezo walivyotufunga midomo. Mtu wa Horde akiandika "lol", wewe wa Alliance unasoma "kek". Akiandika sentensi nzima unaona silabi zilizovurugwa tu. Walifanya hivyo kwa makusudi, adui abaki adui. Lakini wakatuachia ishara: kupunga, kuinama, kupiga magoti, kucheka. Hizo zinavuka mpaka zikiwa nzima. Kwa hiyo kati ya kambi mbili zisizosikilizana, mkono wako uliopunga ulikuwa ndilo neno pekee mliloweza kuambiana. Ulilitamka, akaliamini, akaliweka mgongoni kwake badala ya ngao. Kesho mtoto mwingine wa Alliance akimpungia Tauren yule, unadhani atapata jibu gani?

Usitafute kanuni ya mchezo ikuhukumu, maana haipo. Katika Classic ya 2019, ukiua raia wa mjini, yule kikaragosi anayeendeshwa na kompyuta, ungeweza kuandikiwa mauaji ya aibu na cheo chako kikashuka. Ukimuua mtu hai uliyempungia mkono dakika moja iliyopita, unapewa alama za heshima. Vikaragosi wamewekewa sheria. Sisi kwa sisi tumeachiana wenyewe.

Nikusimulie. Mwanzoni mwa 2005 nilikuwa na kasisi wangu wa kibinadamu, mganga wa chama, ngazi ya 29, niko peke yangu Hillsbrad. Nikaingia pango la mayeti bila kupima, wakaniua watatu kwa mpigo. Nikatoka makaburini nikiwa mzimu, dunia yote imekuwa kijivu kama unavyoijua, nikakimbia kurudi kwenye mwili wangu. Nilipoukaribia nikaona kuna mtu amesimama juu yake. Mfu wa Horde, wa lile kabila la wafu wanaotembea, ngazi ya 60, panga mbili.

Wafu wale wana kipaji cha kula maiti ili kurudisha uhai wao. Nikajua ama atanila, ama anangoja nifufuke aniue tena na tena, kama wanavyofanya wengi. Nikasimama mbali, naangalia. Hakula. Akakaa chini kando ya mwili wangu. Yeti mmoja akatoka ndani. Yule mfu akainuka, akampiga mapigo mawili, akakaa tena. Akatoka mwingine, ikawa vile vile. Ndipo nikaelewa kwamba ananisafishia njia. Hakuweza kunitibu, hakuweza kunipa hata bendeji, mchezo haukumruhusu. Aliweza kitu kimoja tu, kukaa pale.

Nikafufuka, uhai nusu, mikono inatetemeka kwenye kibodi. Nikainama. Naye akainama. Kisha akaniandikia maneno, mstari mrefu, na kwangu ukafika umevurugika wote. Sikujua alisema nini mpaka leo. Lakini jina lake ninalo, na pango lile nikipita huwa nasimama kidogo.

Sasa hao wenzako wanaosema umesaliti. Waambie Shangazi amepigana Southshore na Tarren Mill, vijiji jirani vya kambi mbili, kabla alama za heshima hazijaanza kutolewa. Tulikuwa tunasukumana barabarani pale kutwa nzima, hatulipwi chochote, kwa sababu tu wale walikuwa Horde na sisi tulikuwa Alliance. Utiifu kwa kambi naujua, na naupenda mno. Mtu anauonyesha kwa kuitikia wito mji unapovamiwa, na kwa kubaki ndani ya Alterac Valley, uwanja wa vita vya kambi mbili, hata mnaposhindwa, wengine wakishaanza kutoka mmoja mmoja. Kumchoma mwindaji mliyegawana naye simbamarara nusu saa hakujailinda Alliance na kitu chochote. Na yule aliyekuwa anapiga kelele masikioni mwako hakuwepo pale. Hakuuona ule mkono.

Utataka kumwomba radhi kwa maneno. Hutaweza: kwenye seva ya vita ya Classic huruhusiwi kuwa na mhusika wa kambi zote mbili, kwa hiyo usihangaike kutengeneza Horde wa kumtumia ujumbe. Limebaki lile lile neno moja. Ngazi zenu ziko karibu, mtakutana tena, kama si Stranglethorn basi Tanaris. Ukimwona, usijifiche. Jitokeze ukiwa mbali, akuone unavyokuja. Piga magoti. Kisha kaa chini, kama alivyokaa yeye, visu vikiwa alani. Akikupiga shoka, lipokee mara hiyo moja, ufufuke uende zako bila kulipiza. Asipokupiga, mwachie aanze yeye mnyama atakayekuwepo, na wewe simama pale mpaka amalize.

Na hiyo hedifoni, siku hiyo ivue.