Haibridi: gredi ya chini, ya kati au fulu opsheni?

SWALI: Habari za kazi kaka. Mimi na mume wangu tunanunua SUV ndogo ya haibridi, mpya, gari lenyewe tumeshakubaliana ila gredi ndo imeleta ugomvi ndani ya nyumba. Mume wangu anataka ya juu kabisa, ringi inchi 19, sanruf, siti za ngozi, spika kila kona, anasema ukiamua kununua gari mpya nunua iliyokamilika. Mi naona tunalipia urembo tu, ya kati inatosha. Muuzaji naye kazidi kunichanganya, eti ya juu ina nguvu zaidi halafu inakula mafuta kidogo kuliko za chini. Ni kweli? Tuna watoto wawili wadogo, mume wangu ni mrefu sana, na njia tunazopita mashimo hayakosekani. – Mama wawili

JIBU: Za kazi njema dada, poleni na mgogoro. Huyo muuzaji tuanze naye maana kapotosha. Kwenye hizi haibridi za kawaida, zinazotumia injini ya mafuta pamoja na mota ya umeme bila kuchomekwa kwenye chaja, injini, mota za umeme na betri huwa ni vile vile kuanzia gredi ya chini mpaka ya juu. Chukua Toyota RAV4 haibridi ya kizazi kilichoanza 2019, injini ni lita 2.5, au Honda CR-V haibridi, lita 2.0, unaweza kupanda gredi mpaka ukachoka na injini haibadiliki hata kidogo. Ukikanyaga mafuta zinaitika sawasawa, tena ya juu imebeba uzito zaidi, kioo cha paa, mota za siti, ringi kubwa, kwa hiyo kama kuna ya kula kidogo basi ni ya chini.

Kinachobadilisha mafuta kweli ni foo wili, yaani matairi yote manne kuvuta badala ya ya mbele tu. Vipimo vya EPA, shirika la mazingira la Marekani, kwa CR-V haibridi ya 2023 vinatoa maili 40 kwa galoni kwa inayovuta mbele na 37 kwa foo wili, ukigeuza kwa lita zetu ni kama 5.9 na 6.4 kwa kila kilomita 100. Kwa mtu wa kilomita 15,000 kwa mwaka tofauti ni lita 70 na kitu, si ya kumfilisi mtu. Ila angalia mtego ulipo: kwa Marekani gredi ya juu ya gari hilo hilo, Sport Touring, mwaka huo ilikuja na foo wili tu, hutaki unayo. Kwa hiyo "ya juu inakula kidogo" mara nyingine ni kinyume chake kabisa. Nyie amueni kwanza kama mnahitaji foo wili, halafu ndo mrudi kubishana kuhusu gredi.

Sasa ringi, na hapa niko upande wako kabisa. Mkienda shoo rumu chuchumaa usome maandishi ubavuni mwa tairi. Ukikuta 225/65R17 maana yake upana milimita 225 na ubavu ni asilimia 65 ya huo upana, yaani mpira kama sentimita 14.6 kati ya ringi na barabara. Ukikuta 235/55R19 ubavu umebaki kama sentimita 12.9. Karibu sentimita mbili za mpira zimekwenda, na huo mpira ndo unaokula shimo kabla ringi haijalila. Tairi la 19 bei yake imechangamka, dukani si kila siku utalikuta, na gari inakuwa ngumu kidogo ukipita kwenye matuta. Halafu haibridi kibao hazina spea tairi, unapewa kichupa cha gundi na kipampu, na gundi inaziba tundu la msumari tu, ubavu ukichanika kwenye shimo gundi haisaidii kitu, hapo unaita gari la kuvuta. Kwa njia zenu mi nisingegusa 19, hata nikipewa bure ningefikiria mara mbili.

Sanruf mwachie mumeo aamue kwa kichwa chake, namaanisha kichwa hasa. Fremu ya sanruf inashusha dari, na kwa mtu mrefu hizo sentimita chache zinaonekana. Aingie, ainue siti pale anapoipendaga, akae dakika ishirini (muuzaji akikunja uso mwacheni akunje), halafu ahamie nyuma akae kama abiria. Nywele zikigusa dari mjadala umeisha na wewe hujasema neno.

Ila mumeo naye ana pointi kwenye ile "iliyokamilika", kuna vitu usipovipata vimefungwa kiwandani kuja kuviongeza baadaye ni balaa. Sensa za kukuonya kuna gari limejificha pembeni au linapita nyuma wakati unarudi rivasi, siti ya dereva ya umeme yenye kusukuma kiuno, taa kali zaidi, buti linalojifungua lenyewe wakati umebeba mtoto mkono mmoja na mfuko mwingine. Vitu hivyo mara nyingi vinaanzia gredi ya kati, na mambo ya kujifungia breki gari likiona hatari siku hizi wengi wanaweka mpaka ya chini, japo soma orodha ya soko lenu maana wanabadilisha. Siti za ngozi kava zipo, maziwa yakimwagika unafuta kama kawaida. Skrini kubwa nayo sioni ya kuililia wakati ramani mnatumia ya simu, na spika zinabadilishika.

Kwa hiyo nachagua ya kati, foo wili mkiihitaji, ringi ndogo kuliko zote mtakazoruhusiwa, na hela inayobaki wekeni kwenye sevisi na tairi nzuri. Mwambie mume nimemsalimia.

Na jingine halihusiani na gredi ila kwa sababu mna watoto nalisema: RAV4 na baadhi ya wenzake hewa ya kupooza betri inavutwa kutoka ndani ya gari, kuna matundu chini ya siti ya nyuma. Yakizibwa na blanketi, makombo ya biskuti na midoli betri inachemka, kwa hiyo yasafisheni na muulize fundi filta yake iko wapi.

SWALI: Kaka mi nachukua RAV4 haibridi ya mtumba ya Japan ya 2019, muuzaji anasema ni foo wili ila nimechungulia chini sijaona propela shafti, lile bomba la kupeleka nguvu ya injini matairi ya nyuma. Nimepigwa?

JIBU: Tulia kwanza. Hizo foo wili yake inaitwa E-Four, nyuma kuna mota yake ya umeme ya kilowati 40 inayozungusha matairi ya nyuma peke yake, kwa hiyo propela haipo na haitakiwi kuwepo. Inasaidia kuondoka kwenye utelezi, usije ukaipeleka kushindana na Land Cruiser kwenye tope. Kwa Japan gredi ya Hybrid G ilikuja na E-Four tu, ila gredi ya Hybrid X ilikuwepo ya foo wili na ya kuvuta mbele, na hiyo X ndo watu wanauziwa mbuzi kwenye gunia. Usiamini stika, nenda kasome namba ya modeli kwenye kibati cha gari: AXAH54 ni foo wili, AXAH52 inavuta mbele. Akikuonyesha 52 bei ishuke au muachie gari lake.