Mkono ulijiondoa wenyewe, na maswali mengine ya mwaloni

Mama lishe wa Kibirizi anauliza: "Juzi nilishika mfuniko wa sufuria ya mawese, kumbe wa moto. Mkono ulikuwa umeshauachia ndipo nikasikia maumivu. Nani aliuamuru?"

Ni uti wa mgongo wako, dada. Habari ya moto hupanda kwenye mishipa ya fahamu kutoka vidoleni hadi ndani ya uti wa mgongo, na amri ya kukunja mkono hurudi papo hapo. Ubongo hupewa taarifa, lakini haungojwi. Naamini ulisikia maumivu mara mbili: kwanza mchomo kama wa sindano, kisha yale yanayofukuta. Hiyo ni mishipa tofauti. Wa kwanza umevikwa ala ya mafuta, hupeleka habari mita 5 hadi 30 kwa sekunde. Wa pili hauna ala, hujikongoja mita 1 hivi. Ndiyo maana ukijikwaa kidole cha mguu unapata nafasi ya kukunja uso kabla maumivu yenyewe hayajafika. Ukiungua tena, weka mkono kwenye maji baridi yanayotiririka dakika 20. Dawa ya meno usipake.

Mvuvi wa dagaa: "Tukizima taa sioni hata kasia, ila kijana aliyekaa omoni anaona vizuri. Macho yangu yana kasoro?"

Hayana, kaka. Nyuma ya jicho kuna chembe za aina mbili. Zile za mchana, karibu milioni 6, ndizo zinazotuonyesha rangi. Za usiku ni zaidi ya milioni 90, nazo hutegemea kemikali ambayo mwanga mkali huivunja. Kuijaza upya huchukua dakika 20 hadi 30. Mwenzako wa omoni hakuikodolea taa, hivyo hakuipoteza. Ukilazimika kuangalia taa, fumba jicho moja, kwa kuwa kila jicho lina akiba yake. Tena kitu cha gizani usikikazie macho, kitazame pembeni kidogo, kwani katikati kabisa ya pazia hilo la nyuma ya jicho lenye chembe hakuna chembe ya usiku hata moja. Nimejaribu ufukweni Ujiji usiku usio na mbalamwezi: mtumbwi uliokuwa umenipotea uliibuka nilipohamisha macho kidogo tu.

Msafiri aliyeshuka boti anauliza kwa nini kitanda kinayumba. Ndani ya kila sikio mna vifereji 3 vya majimaji vinavyopima mizunguko ya kichwa. Ubongo wako ulishazoea mawimbi, haujaacha kuyafidia. Kwa kawaida hutulia chenyewe.

Mzee wa Ujiji: "Nyayo zangu zina ganzi tangu mwaka jana. Wiki iliyopita nilichomwa na mwiba, nikajua nilipoona damu kwenye ndala. Ni uzee?"

Shikamoo mzee wangu. Usikimbilie kuulaumu uzee. Ganzi ya kukalia mguu mkekani huisha kwa dakika chache, maana mshipa ulibanwa tu. Isiyoisha inaonyesha mshipa wenyewe unaumia. Kisukari mara nyingi huanzia kwenye mishipa mirefu kuliko yote, ile ya nyayoni. Ukoma nao huua hisia; angalia kama una baka lisilosikia mguso. Unatibika, na dawa zake ni bure. Nakusihi uende hospitali ya Maweni wiki hii upimwe sukari na nyayo. Kwa sasa usitembee peku, usiote moto kwa miguu, kung'uta viatu kabla ya kuvaa, na kila jioni mjukuu akumulike nyayo kwa tochi ya simu, hasa katikati ya vidole.