Barua kwa mwanangu anayekwenda Almaty, Kazakhstan

Mwanangu mpenzi,

Salaam nyingi kutoka Lushoto. Sisi hatujambo, mvua imeanza, na bibi yako anakusalimia.

Jumapili uliponipigia uliniuliza, nikakujibu harakaharaka kwa kuwa salio lilikuwa linakwisha: "Mama, ulipofika Almaty siku ya kwanza uliona nini, na mimi nitafanyaje kwenye mji ambao sijui kusoma hata kibao cha choo?" Swali hilo nimekaa nalo siku tatu. Mafunzo yako yanaanza Novemba, muda upo, kwa hiyo nakuandikia niliyoyaona kwa macho yangu katika zile wiki 2 za Septemba 2024, nilipomsindikiza mama yako mdogo.

Nianze na hicho choo. Kwa Kirusi wanawake ni Ж, herufi inayofanana na mdudu aliyetandaza miguu sita. Wanaume ni М. Sisi tukiona M mlangoni akili inaweza kukimbilia "mwanamke", basi wewe jisemee "mwanamume" kila ukiiona. Pengine utakuta wameandika Kikazaki: Ә ni wanawake, Е ni wanaume.

Hizo herufi usizipuuze, mwanangu. Kabla ya kununua koti, kabla ya kupanga begi, zisome. Mimi nilipoteza siku mbili nzima kwa kudhani ni kazi ya mwaka mzima, kumbe ni ya jioni mbili. Nyingi unazijua tayari: А, Е, К, М, О, Т. Zinazodanganya ni chache: В ni V, Н ni N, Р ni R, С ni S, У ni U, na Х ni ile kh ya Kiarabu itokayo kooni. Ukizishika hizo, АПТЕКА inakuwa "apteka", yaani duka la dawa, na РЕСТОРАН hakuna haja ya kukutafsiria. МАГАЗИН si gazeti, ni duka. ЧАЙ ni chai, na inatamkwa vilevile kama hapa nyumbani. Nakumbuka nilivyosimama mbele ya kibanda nikaisoma hiyo ЧАЙ kwa sauti. Tangu saa ile mji ulianza kunifungukia.

Mjini wanazungumza sana Kirusi, lakini Kikazaki kipo kila mahali kwenye vibao, na hapo ndipo nilipopata faraja ambayo sikuitegemea. Duka kwa Kikazaki ni "duken". Saa ni "saghat", daftari ni "dapter", kalamu ni "qalam", sabuni ni "sabyn", habari ni "khabar", dunia ni "dunie". Kiarabu kiliwafikia wao kwa njia yao na sisi kwa njia yetu. Asante yao ni "rakhmet", inayotoka kulekule inakotoka rehema yetu. Kwa Kirusi ni "spasibo". Jifunze zote mbili, ila kwa mzee wa Kikazaki tumia ya kwanza.

Sasa siku ya kwanza. Tulitua alfajiri kupitia Istanbul. Kulipopambazuka nikaona ukuta wa milima upande wa kusini, vilele vina theluji, na ilikuwa Septemba! Milima hiyo ni Alatau, na vilele vyake vya juu vinapita mita 4,000. Mimi ni mtu wa Usambara, milima haishangazi macho yangu, lakini ile inasimama juu ya mji kama mzazi mlangoni. Barabara zimejaa miti mikubwa, na kandokando yake kuna mifereji midogo ya maji yanayoshuka kutoka mlimani, wenyewe wanaiita aryk. Tazama unapokanyaga, hasa usiku unaposhuka kwenye gari.

Kilichonisumbua ni nyuso. Watu hawatabasamu kwa mgeni wala hawasalimiani njiani kama sisi. Nilidhani wamenichukia. Halafu wananikodolea macho kwa sababu ya rangi yangu, wengine wakiomba kupiga picha nami. Wewe pia watakutazama. Ukijisikia kukubali picha, kubali. Usipojisikia, tikisa kichwa uendelee na safari yako. Ile sura kavu ya barabarani ni desturi, sikuona chuki ndani yake, na nilikuja kulijua hilo jioni ya siku ya pili.

Jioni hiyo nilikuwa nimezunguka karibu na soko kubwa, simu ikazima chaji. Giza linaingia, na nyumba tuliyopanga iko karibu na kituo cha metro cha Abay. Nikamsimamisha mama mmoja mzee mwenye kitambaa cheupe kichwani, nikamwambia neno moja tu, "Abay". Alinyoosha mkono kuelekea milimani, akaupandisha juu. Aliponiona bado nimeduwaa, akanishika mkono kama mtoto, akanipeleka hadi kituo cha Zhibek Zholy, akanilipia kwa kadi yake, tukapanda wote. Ndani ya treni vijana wawili waliinuka hapohapo kutupisha, mmoja akimwita "apa". Ndivyo wanavyomwita bibi au mama mtu mzima. Ni vituo viwili tu. Tuliposhuka, nikamwambia "rakhmet, apa", naye akanipapasa shavu. Nikawaza jinsi ambavyo ningemlilia Mungu usiku ule kama asingekuwa yeye.

Alichonionyesha kwa mkono ndicho ramani ya mji wote. Mji umekaa kwenye mteremko: ukipanda unaelekea kusini milimani, ukishuka unaelekea kaskazini. Wenyeji wanakuelekeza hivyohivyo, "vyshe" ni juu ya barabara fulani, "nizhe" ni chini yake. Barabara nyingine zina majina mawili, la sasa na la enzi za Kisovieti. Dostyk ilikuwa barabara ya Lenin, na iliyopewa jina la Nazarbayev mwaka 2017 wazee bado wanaiita Furmanov. Ukitajiwa jina ambalo halimo kwenye ramani usishtuke, uliza jina lake jingine. Na kila asubuhi hakikisha simu imejaa chaji na anwani umeiandika kwenye karatasi kwa herufi zao.

Kuhusu pesa: wanatumia tenge. Nilipokuwa kule dola moja ilikuwa karibu tenge 480, sasa angalia upya. Beba dola safi zisizokunjwakunjwa wala kuchanika, ubadilishe mjini kwenye vibanda vilivyoandikwa ОБМЕН ВАЛЮТЫ. Wenyeji wanalipa karibu kila kitu kwa simu, hata kwa muuza mboga, kama sisi na M-Pesa. Mgeni asiye na akaunti ya kwao hawezi, kwa hiyo noti ndogondogo zisikose kwenye pochi.

Soko lenyewe linaitwa Zelyony Bazar, soko la kijani. Usiondoke Almaty bila kuingia. Upande wa nyama, kila nyama ina safu yake na ya farasi inayo ya kwake, pamoja na kazy, utumbo uliojazwa nyama ya mbavu na mafuta ya farasi. Mimi sikuweza, lakini sikukunja uso mbele ya aliyenikaribisha, na wewe usikunje. Usiyokula ni "svinina", nyama ya nguruwe. Neno hilo likariri, na vyakula vingi vina alama ya ХАЛАЛ. Wauzaji wa matunda makavu watakuonjesha kila kitu. Utawaona pia akina mama wenye asili ya Korea wakiuza saladi ya karoti yenye pilipili na kitunguu saumu. Mwaka 1937 serikali ya Stalin iliwang'oa Wakorea kutoka mashariki ya mbali ya nchi ya Kisovieti na kuwaleta Asia ya Kati kwa treni. Mimi nilipoijua habari hiyo, saladi ile nilinunua kila siku.

Na matufaha! "Alma" ndiyo tufaha lenyewe kwa Kikazaki, na misitu ya milima ile ndiko lilikotoka tufaha la mwituni ambalo ni babu wa matufaha tunayopanda duniani, ya hapa Lushoto yakiwemo. Uliza aina iitwayo Aport.

Ukikaribishwa nyumbani kwa mtu, vua viatu mlangoni, utapewa ndala. Chai yao ni ya maziwa kama yetu, na utaletewa baursak, ambazo ukizila utazikumbuka andazi za bibi yako. Kikombe watakijaza nusu au chini ya hapo. Huo si uchoyo, ni heshima, maana wanataka uwarudishie wakujazie tena na tena.

Sasa nakuambia kama muuguzi. Novemba ni baridi ya kweli. Nunua viatu vyenye soli isiyoteleza, na vaa nguo nyepesi nyingi ndani badala ya moja nzito, kwa sababu majengo yao yana joto kali. Wakati wa baridi mji unafunikwa na moshi wa makaa ya mawe, na wewe una pumu. Beba dawa ya kuvuta ya kutosha siku zote, nyingine kwenye mkoba wa mkononi, na barakoa. Tetemeko nalo wamelizoea, Januari 2024 watu walikimbilia nje usiku na baridi ile, kwa hiyo koti na viatu vilale karibu na mlango.

Kuna mahali pamoja nakuomba uende kwa ajili yangu. Mwaka 1984 nilipokuwa nasomea ukunga, mwalimu aliandika ubaoni "Alma-Ata 1978", jina la zamani la Almaty, akatueleza kwamba wajumbe wa nchi 134 walikutana kule mwezi Septemba wakakubaliana kuwa huduma ya afya ya msingi imfikie kila mtu. Sisi tulikuwa tumeshakuwa na kampeni yetu ya Mtu ni Afya tangu 1973, tulijiona ni wenye jambo hilo. Miaka yote ile zahanati, nikipokea watoto kwa taa ya chemli, lilikuwa ni jina la mji nisiokuwa na sura yake. Ndiyo maana nilikata kwenye kiinua mgongo changu nikalipa nauli, ingawa wajomba zako walishangaa. Jengo lenyewe lilikuwa Jumba la Lenin, sasa ni Jumba la Jamhuri, kwenye Dostyk na Abay, ng'ambo ya hoteli ndefu yenye taji la dhahabu. Pembeni yake ndipo wanapopandia vibanda vya kwenye nyaya kwenda kilima cha Kok-Tobe. Nilisimama kwenye ngazi zake karibu saa nzima, nikawahesabu mmoja mmoja watoto niliowakumbuka majina. Sikuwa na mtu wa kunipiga picha. Simama pale, upigwe moja.

Ndani ya bahasha nimeweka kadi yangu ya Onay, ya basi na metro. Iongeze salio ukifika, kwa sababu kulipa taslimu kwenye basi ni ghali zaidi. Nyuma ya karatasi hii nimekuandikia herufi zote 33 za Kirusi kwa mkono, na matamshi yake pembeni. Nipigie Ijumaa unisomee.

Mama yako