Re: Rupia ya Mjerumani mnadani Mafinga, ninunue?

Mkuu, umesema dalali anataka laki mbili kwa rupia ya 1910, ile sarafu ya madini ya fedha (silver) ya enzi za Mjerumani, na hataki ipimwe. Hapo pa kutimua mbio! Rupia halali ina uzito wa gramu 11.66. Beba kamzani kadogo kama ka sonara, kanaingia mfukoni. Na sumaku pia: fedha hainaswi. Kisha igeuze uangalie ukingo. Ukiona mshono mwembamba umezunguka, hiyo imemiminwa kwenye kalibu juzi tu.

Mimi niliwahi kulizwa hapa Mbeya na ile ya tembo, sarafu ya dhahabu ya rupia 15 iliyopigwa Tabora 1916. Ilikuwa inang'aa mno, nami tamaa ikanizidi. Kufika nyumbani naikwaruza kidogo na kisu, chini shaba tupu. Mke wangu hadi leo ananiita Kaiser, yule mfalme wa Wajerumani.

Kwa anayeanza, ningependelea hela za shaba, yaani zile sarafu ndogo za Mjerumani zilizoitwa Heller. Heller 100 ndizo zilifanya rupia moja tangu 1904 (kabla ya hapo ilikuwa pesa 64), na ndiko lilikotoka neno letu hela. Tafuta kiherufi kidogo kinachoonyesha mji ilikopigwa: A ni Berlin, J ni Hamburg, T ni Tabora.

Shilingi za simba za King George, za enzi za Mwingereza, nazo zimejaa vibubuni kwa wazee, bei poa. Ila tafadhali usizisugue kwa limau na majivu. Ule weusi mnunuzi anautaka ubaki.