Jedwali la yadi za pasi lilivyonipotosha

Mwaka wangu wa kwanza Ohio, wenzangu wa zamu ya usiku ndio walionifundisha mpira wa Kimarekani. Mimi tangu utotoni nimezoea msimamo wa ligi: unaangalia mabao ya kufungwa, unajua nani ana ngome. Huku nako nikashika jedwali la yadi za pasi, yaani umbali ambao kila timu inawaruhusu wapinzani kusogea kwa kurusha mpira katika mechi, nikalitegemea msimu mzima, nikabishana kwa jedwali hilo kila mapumziko ya chai. Lilinipotosha. Kama ndiyo kwanza unaanza kuifuatilia NFL, ligi kuu ya mpira huu, naomba usipite njia hiyo.

Kwenye mchezo huu, anayerusha sana mara nyingi ni anayepigwa. Timu ikiwa nyuma kwa pointi 17 robo ya nne, ambayo ndiyo ya mwisho, haina muda wa kukimbia na mpira yadi tatu tatu huku saa inakwenda. Kotabeki wake, yule mchezaji anayerusha pasi, atarusha tu. Aliye mbele anakimbia na mpira ili saa iishe. Kwa hiyo jedwali linaiponda ngome ya timu inayoongoza na kuipamba ya timu inayochapwa. Mwaka 2006 Oakland Raiders walishinda mechi 2 wakapoteza 14, na ndio walioruhusu yadi chache za pasi kuliko wote. Mabeki walikuwa nao, sikatai, lakini wapinzani wao hawakuwa na haja ya kurusha. Mwaka 2011 Green Bay Packers walishinda mechi 15 kati ya 16 na wakashika mkia kwenye jedwali lile lile. Waliowatangulia kwa nafasi moja, New England Patriots, walifika Super Bowl, fainali ya ligi.

Sasa mimi hugawanya yadi kwa idadi ya pasi zilizorushwa. Ngome moja ikirushiwa pasi 20 ikatoa yadi 200, na nyingine ikarushiwa 50 ikatoa 300, jedwali litaisifu ya kwanza. Lakini hiyo inatoa yadi 10 kila mpira unaporushwa, na ya pili inatoa 6. Halafu usisahau mara ambazo kotabeki aliangushwa kabla hajaachia mpira, maana nazo alitaka kurusha. Pasi 30 kwa yadi 210 ni yadi 7 kwa pasi. Kama pia aliangushwa mara 5 akarudishwa nyuma yadi 35, basi hesabu halisi ni yadi 175 kwa majaribio 35, yaani yadi 5. Hapo kuna ngome.

Pasi za kunaswa, yaani zile ambazo ngome inazidaka yenyewe, zinahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu zinavutia macho na hazitabiriki. Mpira ukimgonga mpokeaji mkononi ukaruka juu, yeyote aliye karibu anaweza kuudaka. Packers wale wa 2011 walinasa pasi 31, wakaongoza ligi nzima, na hizo ndizo zilizowafichia matundu. Kwenye mtoano New York Giants wakaja uwanjani kwao, kotabeki wao Eli Manning akapata yadi 330 na tachidauni 3 (kufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani, ndiyo bao kubwa la mchezo huu), mechi ikaisha 37 kwa 20. Pasi iliyonaswa siku hiyo ilikuwa moja tu.

Kuna yadi nyingine haziandikwi kabisa upande wa pasi. Beki akimvuta mpokeaji mkono kabla mpira haujafika, wapinzani wanapewa mpira pale pale kosa lilipotokea. Yadi 40 zimekwenda, na kwenye takwimu za pasi beki yule ni msafi. Mimi huziandika pembeni.

Ngome ikiwa bora kweli, vipimo vyote vinakubaliana. Seattle Seahawks wa 2013 waliruhusu yadi 172 kwa mechi, wakanasa pasi 28, kisha wakaifunga Denver 43 kwa 8 kwenye Super Bowl, Denver ya kotabeki Peyton Manning aliyekuwa ametoka kurusha tachidauni 55 msimu ule.

Kamera ya televisheni hufuata mpira, kwa hiyo mabeki hutoka kwenye picha. Jumapili mtazame kotabeki, uhesabu kimoyomoyo tangu ashike mpira: moja, mbili, tatu. Ukifika tatu bado ameukumbatia, kichwa kinakwenda kushoto, kinarudi kulia, miguu inachezacheza, ujue huko mbele wapokeaji wote wamekabwa. Asiporusha, takwimu za mabeki hazitabadilika hata kidogo. Nnamdi Asomugha, kijana wa wazazi wa Kinigeria aliyekuwa beki wa Raiders, alinasa pasi 8 mwaka 2006. Mwaka 2007 akanasa moja, 2008 moja. Hakuwa ameshuka kiwango. Makotabeki walikuwa wameacha kurusha upande wake.