Watafiti na mitandao: maswali yenu manne

Nimeletewa maswali mengi kuhusu watafiti kuweka kazi zao mitandaoni, haya manne ndo yanajirudia.

Nikiposti matokeo kabla jarida halijatoa makala, si nitakataliwa?

Soma masharti yao kwanza. Majarida mengi siku hizi hayana shida na preprinti, yaani makala unayoiweka wazi kabla haijahakikiwa na wataalamu wengine, wanafizikia wanafanya hivyo kwenye hifadhi ya mtandaoni ya arXiv tangu 1991 na watu wa baiolojia wakapata ya kwao, bioRxiv, 2013. Ila makala ikishakubaliwa na mhariri akakwambia usitoe chochote mpaka tarehe fulani, tulia. Na kuna wakati kusubiri ndo kubaya zaidi, Januari 2020 jenomu (mpangilio mzima wa vinasaba) ya kirusi cha korona waliyoisoma mtafiti wa China Zhang Yongzhen na wenzake iliwekwa wazi mtandaoni, Edward Holmes, mmoja wa wenzake, akaposti linki Twitter (sasa X), maabara huku na huku zikaanza kutengeneza vipimo na chanjo, wakati makala yenyewe kwenye jarida la Nature ilikuja kutoka Februari. Hebu fikiria wangeikalia.

Laiki zitanipandisha cheo?

Sidhani. Kuna kampuni ya Altmetric wanafuatilia makala inatajwa wapi mtandaoni, lakini kutajwa sio kusifiwa, makala mbovu nayo inatajwa sana tu.

Mtu kanikosoa hadharani, nimjibu au nimpotezee?

Kama ana hoja mjibu, tena kwa data. 2010 jarida la Science walitoa makala ya bakteria eti wanatumia arseniki badala ya fosforasi, mwanamikrobiolojia Rosie Redfield akaichambua kwenye blogu yake, waandishi wakasema mjadala upite kwenye majarida. Haya, 2012 Redfield na wenzake wakachapisha majaribio humohumo Science kwamba ile arseniki kwenye DNA hawakuiona, na 2025 jarida likaiondoa makala ya mwanzo, ingawa waandishi hawakukubali. Hoja nzito ni nzito popote ilipoandikwa, hapo mimi sibadiliki.

X au Bluesky?

Walipo wasomaji wako, basi. Cha muhimu kila uzi (mfululizo wa posti) uwe na linki ya DOI, yaani namba ya kudumu ya makala, na useme wazi kama kazi imehakikiwa au bado, maana mtu anascreenshot posti moja tu katikati ya uzi na hiyo ndo inasambaa, kwa hiyo neno "bado haijahakikiwa" liweke kwenye posti yenye matokeo, sio ile ya mwisho.