Kusoma kwa mzazi na kadi ya chanjo

Takwimu za afya Tanzania (zile za TDHS, utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya) zimekuwa zikionyesha jambo moja miaka nenda rudi: watoto wa mama aliyefika sekondari hukamilisha chanjo zaidi kuliko wa mama asiyeingia darasani. Watu wakisikia hivyo husema wasiosoma hawajali. Si kweli. Wifi yangu aliishia darasa la nne, na hana mchezo na afya ya mwanawe.

Kinachomkwamisha ni vitu vidogo. Tarehe ya kurudi imeandikwa kwenye kadi kwa mwandiko wa haraka, naye anahesabu siku kwa gulio la Jumatano. Chanjo za wiki ya 6, 10 na 14 zilipita salama kwa kuwa zinafuatana. Baada ya hapo ni kimya hadi surua-rubela ya miezi 9, kisha ya pili miezi 18. Hapo ndipo wengi wanapopotelea: mtoto anakimbia uani, ana afya, nani akumbuke kliniki? Tulichofanya ni kuweka tarehe zote kwenye simu ya kaka, mumewe, ilie siku mbili kabla. Kaka ndiye mwenye nauli, kwa hiyo hana pa kujificha.

Jingine ni woga wa kufokewa. Kadi ikilowa au ikipotea, mama asiyejiamini anaahirisha. Aliyesoma anaingia na kuuliza. Wewe nenda hivyo hivyo. Uliza leo mtoto kachomwa ya nini, na akichemka usiku ufanye nini. Homa baada ya pentavalenti, ile sindano ya paja inayokinga magonjwa matano, huwakimbiza wengi kwa sababu hawakuambiwa kwamba ni kawaida na hupita baada ya siku moja au mbili.

Na nyie wenye digrii msicheke. Mwaka 1998 daktari Andrew Wakefield alichapisha Uingereza, katika jarida la Lancet, makala iliyohusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji. Jarida liliifuta mwaka 2010, ila hofu haikufutika, na huko California baadhi ya mitaa iliyojaa watoto wasiochanjwa ilikuwa ya wasomi wenye fedha. Uvumi uleule unazunguka kwenye magrupu yetu ya WhatsApp, tena kwa Kiingereza safi. Wifi hana simu janja, hayo hayajamfikia.

Tarehe ikishapita, usikae nyumbani kwa aibu. Dozi za pentavalenti huendelea pale zilipoishia, hazianzwi upya, na surua-rubela iliyokoswa miezi 9 hutolewa hata baadaye.